Nyuzi za Mbao kwenye Kitako cha Bunduki: Mwongozo Kamili kwa Wapakaji wa Sanamu Ndogo za Askari

Bunduki ya kwanza niliyoipaka nikitaka ionekane ya mbao ilitoka na milia kama pundamilia. Nilinunua brashi nyembamba kuliko zote, nikachovya kahawia iliyokoza, nikachora mstari mmoja mmoja kuanzia kwenye kitako mpaka karibu na mdomo wa mtutu. Kazi ya jioni nzima. Asubuhi nilipoipeleka dirishani nilijicheka mwenyewe: mti wa namna ile haujaota popote.

Nilidhani nyuzi za mbao huchorwa, kumbe nyuzi nzuri huachwa. Unalaza rangi nyepesi chini, unaifunika kwa rangi yenye giza, kisha unaiburuta ile ya juu kwa brashi kavu ingali mbichi. Kile ambacho brashi imeshindwa kukiondoa ndicho nyuzi. Mafundi rangi wa majumba huko Ulaya walifanya vivyo hivyo katika karne ya 19, wakiugeuza mlango wa msonobari wa bei nafuu uonekane wa mwaloni. Sisi tunaipunguza tu kazi yao mpaka ienee kwenye kitu cha urefu wa kidole.

Sanamu nitakayoifuata hapa ina kimo cha milimita 120, yaani kipimo cha 1/16 hivi. Ni askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, Keya kama wazee walivyozoea kuwaita, akiwa Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mkononi ana Lee-Enfield Na. 1 Mk III*. Nimeichagua kwa sababu bunduki hiyo imefunikwa kwa mbao karibu mpaka mdomoni, kwa hiyo ukiboronga huna pa kujificha. Wenye sanamu za 1/35 wasiondoke, zamu yao inakuja.

Ijue mbao kabla ya kufungua rangi

Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina bunduki na singe, lakini yote ni shaba nyeusi tupu. Rangi ya kitako inabidi uitafute kwingine, na pa kuanzia ni kujua bunduki yako ilichongwa kwa mti gani.

Lee-Enfield za Uingereza kwa kawaida zilikuwa za mti wa jozi, yaani walnati. Hiyo ni mbao ya kahawia yenye ubaridi kidogo, iliyopitiwa na mistari ya giza. Kiwanda cha Lithgow huko Australia kilitumia mbao za kwao, ambazo nyingi zilikuwa na wekundu au weupe zaidi. Mosin-Nagant ya Kirusi aghalabu ni mti wa birchi uliopakwa sheleki, aina ya vanishi, ndiyo maana inang'aa rangi ya chungwa iliyoiva. Kar98k ya Kijerumani ilianza na walnati, lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 nyingi zilitengenezwa kwa tabaka za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Hiyo ni kesi ya pekee, nitaifikia. Na kama unampaka askari wa jeshi la Wajerumani aliyepigana Tanga mwezi Novemba 1914, wengi wao walikuwa bado na Mauser ya 1871, ile iliyotoa wingu la moshi kila ikifyatuliwa. Kitako na mbao ya mbele yake ni kipande kimoja kirefu cha walnati.

Lee-Enfield si hivyo, na hapa ndipo wapakaji wengi wanapopitwa. Mbao zake ni vipande vinne: kitako, mbao ya mbele iliyo chini ya mtutu, na vifuniko viwili vya juu ya mtutu, kimoja karibu na jicho na kingine mbele yake. Kitako kimetenganishwa na mbao ya mbele na mwili wa chuma wa bunduki. Bunduki iliyopita kwenye karakana ya jeshi mara mbili tatu ingeweza kuwa na kitako cha mti huu na vifuniko vya mti ule, kila kimoja na umri wake. Ukivipaka vyote rangi moja umeitupa zawadi uliyopewa bure. Mimi hupenda kitako kiwe na giza kidogo, mbao ya mbele iwe ya kawaida, na kifuniko kimoja kiwe chekundu zaidi, kana kwamba kilibadilishwa mwezi uliopita.

Ukiwa Dar, nenda Keko asubuhi wakati maseremala wanaranda. Omba kipande cha mninga cha kutupa, kilowanishe kwa maji, ukitazame upande mpana na upande mwembamba. Upande mwembamba nyuzi zinakwenda sambamba, zimebanana. Upande mpana zinapanuka na kufanya matao, tao ndani ya tao, kama mawimbi yanayorudi kwenye mchanga. Kipande hicho hicho, sura mbili. Kitako cha bunduki kina pande zote mbili: ubavu wake ndio upande mpana, mgongo na tumbo lake ni upande mwembamba. Kipande changu kimekaa mezani mwaka wa tatu sasa na kimenifundisha kuliko picha zozote.

Hesabu kidogo

Lee-Enfield hii ina urefu wa milimita 1,132. Kwenye 1/16 inakuwa milimita 71 hivi. Kwenye 1/35 ni 32 tu. Tuseme pete za mwaka za mti zimeachana milimita 3. Kwenye kichwa-na-mabega cha 1/10 zitaachana milimita 0.3, kwenye 1/16 kama 0.2, na kwenye 1/35 chini ya 0.1, jambo ambalo jicho la kawaida halilioni na brashi haiwezi kulifanya. Maana yake ni kwamba kadiri sanamu inavyopungua ndivyo nyuzi unazopaka zinavyozidi kuwa uongo. Hakuna ubaya, ila uongo huo uwe wa kunong'ona. Mtu asimame hatua moja kutoka kwenye sanamu, aseme "hiyo ni mbao", bila kujua amejuaje.

Vifaa, na onyo moja la thina

Utahitaji rangi za akriliki za kupakia chini, vanishi ya kung'aa au ya kung'aa kidogo, rangi mbili za mafuta za wachoraji, waiti spiriti au tapentaini safi, na brashi tatu. Ya kwanza ni ya kawaida ya kulaza rangi. Ya pili ni nyembamba yenye ncha kali. Ya tatu ndiyo mwenye kazi: brashi bapa iliyochakaa, nywele ngumu, upana wa milimita 4 hadi 6. Usinunue mpya. Ile uliyosahau kuiosha mwaka jana, nywele zimesimama na kuachana, ndiyo hasa. Kama huna, chukua brashi ya shule ya nywele za nguruwe, ikate nywele zibaki milimita 5, na uzipunguze hapa na pale kwa wembe ziwe na mapengo.

Rangi za mafuta ninazotumia ni amba iliyochomwa, ambayo kwenye tyubu imeandikwa Burnt Umber, na siena iliyochomwa, Burnt Sienna. Tyubu ndogo za mililita 20 zitakaa nawe miaka. Nunua za wachoraji hasa, kwa kuwa zile za bei ya chini kabisa zina mafuta mengi na rangi kidogo.

Sasa onyo. Neno "thina" dukani lina maana nyingi. Thina ya rangi za magari huyeyusha plastiki. Najua, kwa sababu niliwahi kuosha bunduki nzima kwa thina niliyopimiwa kwenye chupa ya maji, na ndani ya dakika moja mtutu ulikuwa umepinda kama tambi. Chochote utakachonunua, kijaribu kwanza kwenye fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vipande. Kikiifanya inate, si chako.

Kuandaa

Bunduki ipakwe ikiwa peke yake, haijagundishwa mkononi. Ibandike kwenye kijiti cha mishikaki kwa gundi laini, upande ambao kiganja kitaufunika.

Ondoa mshono wa kalibu kwa kukwangua na kisu, kisha msasa namba 600, mwisho 1000. Msasa uende kwa urefu wa mbao tu. Hata ukifanya kwa uangalifu vikwaruzo vidogo vitabaki, na vikiwa vimelala upande wa nyuzi vitakusaidia, vikikatiza vitakuaibisha. Kwenye 1/16 na zaidi mimi huongeza vya makusudi: napitisha kipande cha msasa namba 240 mara nne au tano toka nyuma kwenda mbele, nikikandamiza kidogo sana. Rangi ya mafuta itajishika humo baadaye. Kwenye 1/35 usithubutu.

Osha kwa maji na sabuni, kausha, piga praima ya kijivu au ya rangi ya mchanga. Na kumbuka utaratibu: mbao kwanza, chuma baadaye. Brashi ya kuburuta itavuka mipaka tu, haina adabu.

Rangi ya chini: chai yenye maziwa mengi

Rangi ya chini ndiyo itakayochungulia kati ya nyuzi, kwa hiyo iwe nyepesi kuliko unavyodhani. Wanaoanza hupaka kahawia ya mbao iliyokamilika, halafu wakiweka rangi ya mafuta juu wanapata kitu cheusi kama mkaa. Lenga chai ya maziwa ambayo mpishi amezidisha maziwa.

Kwa rangi za kampuni ya Vallejo, Dark Sand 70.847 ndiyo msingi, tone la Red Leather 70.818 kwa kila matone manne, na ukitaka ubaridi wa walnati, nukta ya Flat Earth 70.983. Kwa rangi za kampuni ya Tamiya, XF-57 Buff na XF-64 Red Brown kidogo hufika palepale. Tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikauke. Ukiona alama za brashi zimekatiza mbao, lainisha kwa msasa 1000 na urudie. Alama hizo hazitafichika, rangi ya mafuta itazitangaza.

Hapo ndipo unapotofautisha vile vipande vinne. Ongeza tone la wekundu kwa kifuniko kimoja, nukta ya kahawia kwa kitako. Tofauti iwe ya wazi kidogo kupita kiasi, maana tabaka zinazofuata zitaimeza nusu.

Vanishi ya kufunga

Tabaka moja jembamba la vanishi ya kung'aa, kisha saa 24. Hapa hakuna hadithi ndefu: juu ya vanishi rangi ya mafuta huteleza na hufutika, juu ya akriliki kavu isiyong'aa huzama na kuacha madoa. Ukiruka hatua hii huwezi kurudi nyuma.

Kuburuta

Minya amba kiasi cha punje ya mchele na siena nusu yake juu ya kipande cha boksi la karatasi ngumu. Ziache nusu saa hadi saa nzima. Utaona duara la mafuta likienea kwenye boksi. Hayo ni mafuta ya kitani yanayotoka, na rangi inayobaki itakuwa nzito na itakauka mapema. Ni mafuta ya aina ileile ambayo askari walisugua kwenye vitako vya Lee-Enfield ili maji yasiingie. Hilo hunifurahisha kila mara.

Changanya mbili hizo. Kwa ncha ya brashi weka vidoa vidogo juu ya kipande kimoja cha mbao, kitako tuseme, kisha visambaze mpaka pote pafunikwe na ngozi nyembamba yenye kuonesha chini. Usiongeze tapentaini. Ukiona huwezi kabisa kuisambaza, lowanisha brashi kidogo tu na uifute kwenye kitambaa kabla ya kugusa.

Subiri. Dakika 15 kukiwa na joto la Januari, 30 kukiwa na ubaridi. Rangi ikiwa mbichi mno brashi itaifuta yote. Ikishika kupita kiasi itakwaruza. Jaribu kwenye kona: brashi ikipita iache mistari myembamba yenye kingo laini.

Sasa chukua brashi yako iliyochakaa, kavu kabisa. Ishike karibu ilale, pembe ya digrii ishirini au thelathini, na uburute toka shingo ya kitako kwenda nyuma kwa pigo moja bila kusimama. Futa brashi kwenye kitambaa. Pigo la pili likanyage nusu ya la kwanza. Futa tena. Kila pigo, kitambaa. Usipofuta, pigo la tatu linarudisha rangi uliyoiondoa na mistari inavimba. Mkono uwe mwepesi kama unapangusa vumbi kwenye picha ya marehemu.

Mwelekeo ndio kila kitu. Kwenye mbao ya mbele na vifuniko, nyuzi zinafuata mtutu. Kwenye kitako, ambacho kinashuka kwa mshazari, nyuzi nazo zinashuka. Hakikisha zinapita kwenye shingo kwa urefu wake. Shingo ndipo kitako kinapokuwa chembamba, na nyuzi zikikatiza hapo bunduki ingepasuka kwa teke la risasi, kwa hiyo mchongaji hakukubali mbao ya namna hiyo. Mtazamaji huenda hajui sababu, lakini ataona kuna kitu hakijakaa sawa. Na usiwe mnyoofu kama rula: acha mkono utikisike mara moja njiani, wimbi dogo, na mapigo ya jirani yalifuate wimbi hilohilo. Nyuzi za mbao ni majirani, moja ikikwepa jambo na mwenzake anakwepa.

Kwenye ubavu wa kitako weka matao. Lowanisha ncha ya brashi nyembamba kwa waiti spiriti, ifute mpaka ibaki na unyevu tu, kisha chora tao refu lililolala, ncha yake ikielekea shingoni, ukiondoa rangi. La pili ndani yake, la tatu likitaka. Halafu rudi na brashi bapa na uguse mara moja toka mbele kwenda nyuma ili kingo zilainike. Matao mawili upande wa kulia. Kushoto moja au usiweke. Yakiwa sawa pande zote inakuwa nakshi ya kanga.

Macho ya mbao, yale mafundo ya matawi, sahau. Mbao ya bunduki ya kijeshi ilichaguliwa, na yenye fundo haikufaa. Nikiona sanamu yenye fundo katikati ya kitako najua mpakaji alikuwa anaangalia meza yake.

Umeharibu? Chovya kijiti cha pamba kwenye waiti spiriti, futa yote, anza tena. Ndani ya saa mbili tatu za mwanzo unaweza kufanya hivyo hata mara kumi na vanishi ya chini haitadhurika. Mimi kitako cha Keya huyu nilikifuta mara nne.

Kukausha

Amba hukauka haraka kuliko rangi nyingi za mafuta kwa sababu udongo wake una manganizi. Hata hivyo, siku mbili ni haraka na siku nne ni salama, hasa Pwani msimu wa masika. Rangi ya mafuta haikaushwi na feni. Inashika hewa taratibu na kugeuka ngumu. Joto dogo husaidia: weka sanamu ndani ya boksi chini ya taa ya mezani, mbali kidogo, na ufunike vumbi lisiingie. Inusie. Harufu ikiwa bado ipo, na rangi bado mbichi.

Mapazia

Kinachotazamwa sasa ni kitu chenye nyuzi nzuri lakini bapa, kama karatasi ya kubandika ukutani. Uhai unaletwa na mapazia: rangi ya akriliki iliyopunguzwa mno, sehemu moja kwa kumi za maji, inayotia rangi bila kufunika. Wino wa akriliki ni bora zaidi.

Pazia la kwanza ni siena au chungwa la kahawia juu ya mbao yote. Litaziunganisha nyuzi na msingi wake. Brashi isidondoke, ifute kabla, vuta pazia kuelekea pale unapotaka rangi ikoze. Liache likauke. La pili, kahawia-nyeusi kama German Camouflage Black Brown 70.822, si pote: tumbo la kitako, chini ya mbao ya mbele, na kandokando ya kila chuma kinachogusana na mbao. Hapo mafuta ya bunduki yalijikusanya. Shingo nayo ikoze, na ule upande wa mbao ya mbele ambao mkono wa kushoto ulishika siku nzima. Jasho la mwaka mzima msituni haliondoki kwa kitambaa.

Rudia mpaka mgongo wa kitako uwe mwepesi na tumbo liwe na giza, sawa na mwanga ulivyoangukia kofia na mabega ya sanamu. Hatua hii ina thamani kuliko nyuzi zenyewe. Nimeona vitako visivyo na unyuzi hata mmoja vikionekana mbao kwa sababu ya mwanga mzuri, na vyenye nyuzi za ajabu vikionekana plastiki kwa kuukosa.

Sasa ndiyo brashi nyembamba

Mistari michache ya kuchora inaruhusiwa mwishoni. Walnati ina vinyweleo vinavyoonekana kama vipande vifupi vya uzi mweusi, vimelala upande wa nyuzi. Weka kumi au kumi na tano kwenye kitako kizima, vifupi, vya urefu tofauti, vikijikusanya karibu na matao. Kisha kingo: mchanganyiko wa rangi ya chini na nyeupe ya maziwa kidogo kwenye ukingo wa mgongo wa kitako na pembe za vifuniko, si mstari mzima, vipande vipande.

Makovu yawe machache na yawe na sababu. Kovu jipya ni jepesi, kwa sababu mbao safi imefunuliwa; la zamani ni jeusi, kwa sababu limejaa uchafu na mafuta. Kovu linakatiza nyuzi, na hiyo ndiyo dalili yake. Matatu yanatosha: moja karibu na bamba la kitako, ambalo ndilo linalokutana na mawe, na mengine pale ambapo bunduki iliegemezwa.

Ndipo upake chuma. Bamba la nyuma ya kitako kwenye bunduki hii ni shaba ya njano. Lifanye lififie, kahawia kwenye pembe, king'ao kidogo katikati. Baada ya chuma, piga vanishi ya kung'aa kidogo juu ya mbao peke yake. Nguo za askari zisiwe na king'ao chochote. Tofauti hiyo, kitambaa kilichokufa kando ya mbao yenye mafuta, hufanya kazi ambayo rangi pekee haiwezi. Wanaonyunyizia vanishi isiyong'aa juu ya sanamu nzima dakika ya mwisho wanaua kazi ya wiki moja kwa sekunde tano.

Kwa 1/35

Acha rangi ya mafuta. Paka chai ya maziwa ileile, kisha kwa ncha kali vuta mistari minne mitano ya kahawia ya wastani kwa urefu, isifike mwisho, na mmoja au miwili myepesi kuliko msingi. Itaonekana mibaya. Pitisha pazia la siena mara mbili, la kahawia-nyeusi mara moja chini, nayo itazama. Ukiona bado unaweza kuihesabu mistari ukiwa umenyoosha mkono, ongeza pazia jingine. Dakika arobaini kwa bunduki moja, na ukiwa na kikosi cha watu wanane, paka zote pamoja.

Mbao za tabaka, na mbao zisizo na mafuta

Kar98k ya tabaka na AKM, bunduki ya Kirusi, ya plaiwudi ya birchi hazina nyuzi za kuburuta. Zina tabaka. Ukitazama kitako toka juu utaona mistari iliyonyooka, sambamba, yenye upana sawa. Ubavuni, pale mchongaji alipokata mviringo, tabaka zinajitokeza kama mistari ya miinuko kwenye ramani ya mlima, zikizunguka umbo. Hapa, na hapa pekee, kuchora kunashinda kuburuta. Tumia rangi mbili zinazokaribiana sana, uzizungushe kufuata umbo, kisha funika yote kwa pazia. Kwa AKM, pazia la mwisho liwe Tamiya X-26, chungwa ya kioo, na nukta ya nyekundu.

Masanduku ya risasi ni mbao mbichi, na kanuni zinageuka. Mti usio na vanishi ukikaa juani, mwanga huvunja lignini yake, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi zake, na mvua huiosha, inabaki kijivu. Anza na kijivu chenye umanjano, buruta amba kama ulivyofanya kwenye kitako, halafu pitisha kijivu chepesi kwa brashi kavu. Nyufa ziwe kwenye ncha za ubao. Mafundo hapa yanakaribishwa, moja kila ubao wa pili au wa tatu, na nyuzi zizunguke fundo kama maji yanavyozunguka jiwe. Vanishi isiyong'aa kabisa. Sanduku la kijivu kando ya kitako chenye mafuta hukifanya kitako kionekane chekundu zaidi kuliko ulivyokipaka.

Kuiweka mkononi

Toboa kiganja na mbao kwa tundu la nusu milimita, ingiza kipande cha waya, kisha gundi kidogo. Jaribishia bunduki mahali pake bila gundi kabla ya kugundisha ili uone kama vidole vinaifikia. Visipoifikia, ni rahisi kupinda kidole cha resini kwa maji ya moto kuliko kurekebisha mbao iliyokwisha pakwa.

Gundi ikishika, chukua amba ya mafuta iliyopunguzwa kwa waiti spiriti na uiguse kwenye mpaka wa kidole na mbao, tone dogo sana, ijitembeze yenyewe kwenye ufa. Ziada ifute kwa brashi yenye unyevu ukivuta kuelekea chini. Kabla ya kivuli hicho bunduki ilikuwa inaelea mbele ya kiganja. Sasa Keya ameishika.